Tatizo la Paa: Kutoka Karnak hadi Kilwa Kisiwani



Mwenye mawe, udongo na subira atasimamisha ukuta. Kazi ni kuezeka. Vitabu vyetu vya historia ya usanifu majengo hupenda kuanzia kwenye kuta na mapambo; mimi naamini majengo ya kale yanasomeka vizuri zaidi ukianzia juu. Jioni hii tutayauliza majengo manne swali moja tu: mjenzi alifunikaje nafasi iliyo kati ya kuta zake?

Tuanze Misri. Ukumbi mkuu wa hekalu la Karnak, wa karne ya 13 kabla ya Kristo, zama za Seti wa Kwanza na Ramesses wa Pili, una nguzo 134. Wengi huona hapo fahari ya mafarao, na fahari ilikuwepo. Lakini kuna jiwe lenyewe. Jiwe huvumilia sana mzigo unaoligandamiza. Ukililaza kama boriti na kulielemea katikati, hupasuka kuanzia chini. Kwa hiyo boriti za mawe hukatwa fupi, na boriti fupi hudai msitu wa nguzo.

Warumi waliupindisha mzigo. Pantheon, hekalu lililokamilika mjini Roma yapata mwaka 126 chini ya Kaizari Hadrian, ina kuba la kipenyo cha mita 43 hivi, na chini yake hakuna nguzo hata moja. Mpaka leo hakuna kuba la zege lisilo na nondo linalolizidi. Mafundi walibadilisha mchanganyiko kadiri walivyopanda: kokoto nzito chini, mawe mepesi ya volkano juu, na kileleni kabisa hawakuweka kitu, wakaacha tundu la upana wa karibu mita 9. Zege lisilokuwepo halina uzito.

Konstantinopoli tusikae sana, ila kuna somo moja. Anthemius wa Tralles na Isidore wa Miletus, wote wawili wataalamu wa jiometri, walimjengea Kaizari Justinian kanisa la Hagia Sophia kati ya mwaka 532 na 537. Waliliketisha kuba la mviringo juu ya matao manne yaliyosimama mraba, wakajaza pembe kwa pembetatu zilizopinda. Lilikuwa bapa mno. Matetemeko yalilidhoofisha, na mwaka 558 likaporomoka. Mjenzi mwingine, Isidore Mdogo, akalijenga upya likiwa limeinuka zaidi, kwa sababu kuba lililoinuka husukuma kuta nje kwa nguvu ndogo. Kazi ikaisha mwaka 562.

Sasa tuje nyumbani, kwa sababu hapa ndipo hoja yangu ilipo.

Mjenzi wa Kilwa Kisiwani, kwenye pwani ya Tanzania, hakuwa na itale ya Misri wala majivu ya volkano ya Italia. Alikuwa na bahari. Mawe ya kuta aliyachimba kwenye miamba ya matumbawe ya nchi kavu. Kwa mihrabu na vizingiti vya milango alikata matumbawe mabichi kutoka majini, akayachonga yangali laini, kisha yakakauka na kuwa magumu. Chokaa ilitokana na matumbawe hayo hayo: magogo hupangwa tuta la mviringo, matumbawe yakawekwa juu, moto ukawashwa. Dari ilikuwa boriti za mikoko, juu yake vibamba vya matumbawe, na juu yake tena zege zito la chokaa. Mzigo huo ulipanga maisha ya watu: chumba cha nyumba ya mawe hakikuzidi sana upana wa mita 2.5 hadi 3, urefu ambao boriti ya mkoko inauweza.

Msikiti Mkuu wa Kilwa ulianza hivyo, mdogo, wenye dari bapa. Mwanzoni mwa karne ya 14, Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, yule yule aliyemkaribisha msafiri Ibn Battuta mwaka 1331 na aliyejenga jumba la Husuni Kubwa, aliupanua kwa kuba na matao, kwa utajiri wa dhahabu iliyopitia bandari ya Sofala. Upanuzi huo nao uliporomoka. Karne ya 15 ukajengwa upya kwa nguzo za pembe nane za mawe na chokaa, zikibeba makuba madogo yanayoegemeana. Mkoko sasa haukuamuru tena upana wa jengo.

Kuanguka, kutafakari, kujenga kwa akili zaidi: ndicho kilichofanyika Konstantinopoli, na ndicho kilichofanyika Kilwa. Kuusifu mji mmoja kwa sayansi yake na mwingine kwa magofu yake tu ni dhuluma ya kitaaluma.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya mji jirani wa Songo Mnara yaliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na kati ya 2004 na 2014 yalikuwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Bahari inakula kingo, mizizi inapasua kuta, na kiraka cha saruji huzuia unyevu ambao chokaa ingeuachia utoke. Nawaomba viongozi wa chuo hiki: wapelekeni wanafunzi wa usanifu Kilwa na futi kamba, wapime kila tao, na wakae na mafundi wa chokaa wajifunze kuichoma kwa mikono yao.