Masafa Yasiyohitaji Leseni na Wajibu wa Wanaoyatumia

(Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Wako wanaodhani kwamba chombo cha redio kisichohitaji leseni hakina sheria. Dhana hiyo si sahihi. Tarehe 9 Mei, 1985, Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano ya Marekani iliruhusu vyombo vya nguvu isiyozidi wati 1 virushe mawimbi bila ya leseni, katika masafa ambayo yalikwisha kuachiwa majiko ya maikrowevu na mitambo ya viwandani. Ruhusa hiyo, ambayo wakati ule haikuwashughulisha wengi, ndiyo iliyofungua njia ya Wi-Fi. Sharti lake lilikuwa fupi: chombo kisimuudhi mwenye haki ya masafa, na chenyewe kivumilie kuudhiwa.

Mwaka 2003, Mkutano wa Dunia wa Mawasiliano ya Redio uliofanyika Geneva uliongeza masafa mengine, kati ya megahezi 5150 na 5350, na kati ya 5470 na 5725. Lakini humo walikuwamo wenyeji, nao ni rada. Hivyo basi, katika sehemu kubwa ya masafa hayo chombo hutakiwa kusikiliza kwanza. Kwa mujibu wa kanuni za Marekani, hutega sikio kwa sekunde 60 kabla ya kurusha. Kikiisikia rada huhama katika muda wa sekunde 10, wala hakirudi hapo mpaka zipite dakika 30.

Madhara ya kupuuza sharti hilo yalionekana San Juan, Puerto Rico, nako ni kisiwani. Huko ipo rada ya hali ya hewa inayotumia masafa kati ya megahezi 5600 na 5650 kulinda uwanja wa ndege. Rada za namna hiyo ziliwekwa Marekani baada ya ajali ya mwezi Agosti, 1985, ambapo upepo wa ghafla ushukao kutoka mawinguni uliiangusha ndege ya abiria iliyokuwa ikitua Dallas/Fort Worth, wakafa watu 137. Kazi yake ni kuutambua upepo huo mapema ili rubani aonywe.

Mwaka 2009, uchunguzi wa San Juan ulionyesha kwamba picha za rada ziliingiwa na michirizi iliyoelekea mahali palipokuwa na vyombo vya watoa huduma ya intaneti, vilivyofungwa juu ya majumba na minara. Mwangwi wa mvua unaoirudia rada ni dhaifu mno, hata chombo kidogo huweza kuufunika. Baadhi ya vyombo vilikuwa vimezimwa uwezo wa kusikiliza; vyengine viliwekwa kwa kanuni za nchi nyengine. Aliyevifunga pengine alitaka tu mawasiliano ya kasi zaidi, lakini rubani hana njia ya kulijua hilo. Kampuni kadhaa zilitozwa faini, na mwaka 2014 Tume ikawataka watengenezaji wazifunge programu zao ili mtumiaji asiweze kuyabadili masafa.

Kwa upande wa Unguja na Pemba, msimamizi wa masafa ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Ofisi, skuli, hoteli na watu binafsi wanaoagiza vyombo kutoka nje wanaombwa wahakikishe, kabla ya kuvipandisha juu ya mapaa, kwamba nchi iliyochaguliwa ndani ya chombo ni Tanzania na kwamba uwezo wa kusikiliza rada haukuzimwa. Fundi anayeahidi kuuzima kwa ajili ya kuongeza kasi asipewe kazi hiyo.