Somo la Kemia kwa Watu Wazima: Kuhesabu kwa Mizani

Natumaini kila mmoja ana daftari na kalamu karibu, maana leo tutapiga hesabu.

Nimepata barua ya mama mmoja wa Ntalikwa, huko Tabora. Amesoma maneno yaliyochapwa juu ya pakiti ya chumvichumvi, yaani ule unga tunaokoroga katika lita moja ya maji safi ili kumnywesha mtoto anayeharisha. Ameona chumvi ya kawaida gramu 2.6, na glukosi, ambayo ni aina ya sukari, gramu 13.5. Anauliza maswali mawili. La kwanza: mwuguzi aliwaambia kuwa sodiamu na sukari zimewekwa sawasawa, mbona sukari ni zaidi ya mara tano ya chumvi? La pili: mtoto akichoka kunywa, je, yafaa kukoroga pakiti nzima katika nusu lita, ili anywe kidogo?

Mama, hilo la pili nalijibu kwanza: haifai, ni hatari. Sababu yake utaihesabu mwenyewe kabla somo halijaisha.

Wazee wa Tabora watakumbuka neno korija. Biashara ya njia ya misafara, kutoka Bagamoyo mpaka Unyanyembe na Ujiji, ilitumia sana vipimo vya namna hii. Korija ni vitu 20, basi. Korija ya boriti ni boriti 20, na korija ya nguo ni nguo 20. Idadi ni moja, lakini mpagazi wa Kinyamwezi, aliyezoea mzigo wa frasila mbili hivi, asingekubali kubebeshwa korija ya boriti kana kwamba ni korija ya nguo! Hesabu ni ile ile, uzito ni mbalimbali.

Wanakemia nao wana korija yao, nayo huitwa moli. Tofauti ni kwamba atomu ni ndogo mno, hata korija yao ikawa kubwa mno. Moli moja ni chembe 602,214,076,000,000,000,000,000. Tarakimu hizo zilikubaliwa na mataifa ziwe hivyo hasa, nazo zikaanza kutumika mwaka 2019. Huitwa namba ya Avogadro, kwa heshima ya Mwitaliano Amedeo Avogadro. Usijisumbue kuikariri yote, andika 6.02 mara kumi kwa kipeo cha 23.

Hakuna awezaye kuhesabu chembe hizo moja moja, kwa hiyo tunazipima kwa mizani. Moli moja ya atomu za sodiamu ina gramu 23. Ya klorini, gramu 35.5. Chembe ya chumvi ya kawaida ni sodiamu moja na klorini moja, basi moli yake ni 23 kujumlisha 35.5, yaani gramu 58.5. Glukosi ni kubwa zaidi: kaboni 6, hidrojeni 12, oksijeni 6. Kaboni ni 12, hidrojeni ni 1, oksijeni ni 16. Andikeni: 72, na 12, na 96. Jumla gramu 180.

Sasa kanuni. Ukitaka moli, gawanya gramu kwa uzito wa moli moja. Ukitaka idadi ya chembe, zidisha moli kwa namba ya Avogadro. Ukirudi nyuma, geuza: pale ulipogawanya, zidisha. Mimi nilipokuwa mwanafunzi nilizidisha gramu moja kwa moja kwa namba ya Avogadro, nikapata jibu la ajabu na alama ya sifuri. Pitieni kwenye moli kwanza.

Glukosi: 13.5 gawanya kwa 180 ni moli 0.075. Chumvi: 2.6 gawanya kwa 58.5 ni moli 0.044. Bado hazilingani, sivyo? Lakini soma pakiti tena. Imo sitreti ya sodiamu, gramu 2.9. Moli yake, pamoja na maji yaliyoshikamana nayo, ni gramu 294. Basi tunayo moli 0.0099 hivi. Kila chembe yake ina sodiamu tatu. Zidisha kwa 3, utapata karibu 0.030. Jumlisha na 0.044: inakuwa 0.074. Ukiacha makombo ya desimali, ni sawa na ile 0.075 ya glukosi. Mwuguzi alisema kweli, ila yeye alihesabu chembe na mama akaangalia gramu.

Kulingana huko kuna kazi yake. Mwaka 1960, katika mkutano huko Prague, Mmarekani Robert Crane alieleza kuwa ukuta wa utumbo huingiza sodiamu na glukosi kwa pamoja. Vikiingia, maji huvifuata. Kwa hiyo hata mtoto anayeharisha huweza kupokea maji kwa njia ya kinywa. Mchanganyiko tunaouhesabu leo ulipendekezwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF mwaka 2002. Wa zamani ulikuwa mkali zaidi.

Turudi kwa nusu lita. Chumvi zikiyeyuka huachana vipande vipande. Hesabu vipande vyote vya pakiti pamoja na glukosi, utapata moli 0.245 katika lita moja. Damu ya mtu ina kama 0.29 kwa lita. Dawa ni nyepesi kuliko damu, basi maji huelekea mwilini. Koroga pakiti hiyo hiyo katika nusu lita: ukali wake unakuwa 0.49 kwa lita. Sasa dawa imeishinda damu, nayo maji hutoka mwilini kuingia tumboni, na mtoto aliyekuwa akikauka huzidi kukauka. Akichoka kunywa, mpe kijiko kimoja kimoja, pumzika, mpe tena, maji usiyapunguze.

Zoezi la nyumbani. Pakiti ina kloridi ya potasiamu gramu 1.5. Potasiamu ni 39, klorini ni 35.5. Tafuteni moli zake, kisha idadi ya atomu za potasiamu. Majibu tutayasahihisha juma lijalo, saa hii hii.