Hatukatai nyumba, tunaomba kuona karatasi

Maneno yetu mbele ya wakaaji wa Kadutu, Bukavu, Novemba 2023



Tunajua wengine mmefunga biashara sokoni ili mkuje hapa, hatutawachelewesha.

Mambo yenye tunasema, kila mtu ameyaona kwa macho yake. Kwanza walikuja watu na kamba, wakapima. Kisha wakapanda mawe ya mpaka. Asubuhi moja tukaamka na kukuta mikaliptusi imekatwa, mabati yamezunguka mtelemko mzima. Tukauliza wafundi, wakasema ni vila zitajengwa. Tukauliza shefu wa avenyu, akasema yeye pia ameona tu kama sisi. Tukaenda komine, wakatutuma kwa meya. Kwa meya wakatutuma kadastri. Kadastri wakatuambia turudi kesho. Hiyo kesho imefikisha wiki sita.

Tuseme wazi, mtu asije kutugeuzia maneno: hatukatai nyumba. Bukavu inakosa nyumba, na sisi vijana tunajua vizuri, juu tunalala watatu watatu katika chumba kimoja. Hatumuonei wivu mtu mwenye ana feza ya kujenga. Hata jina la mwenye mradi hatulitaji leo, juu hatukuja kugombana na mtu. Tumekuja kuomba karatasi.

Kwa nini karatasi? Kwa sababu miti ile ndiyo ilikuwa inashika udongo. Ukiitoa na kumwaga betoni pale, maji ya mvua yatatafuta njia, na njia iko kwenye milango yetu huku chini. Katika muji huu tumeshazika watu juu ya milima yenye ilishuka usiku. Hatutaki kuzika tena ndipo mkubwa akuje kutupa pole.

Sheria ya ardhi ya 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali, na kipande chenye kiliwekwa kwa matumizi ya watu wote hakitolewi kwa mtu mpaka kwanza kiondolewe katika mali ya umma kwa njia halali. Sheria ya mazingira, namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011, inataka mradi wenye unaweza kugusa mazingira ufanyiwe kwanza uchunguzi, tena wananchi waulizwe mbele ya kazi kuanza. Sisi wenye tunakaa chini ya mtelemko ule, nani alituuliza?

Basi tunaomba vitu vinne. Hati yenye ilitoa kipande kile. Ruhusa ya kujenga, na sahihi ya mwenye aliitoa. Uchunguzi wa mazingira. Na kama kuna feza ililipwa, tuonyeshwe iliingia wapi. Kama karatasi ziko, kuzionyesha ni kazi ya dakika tano. Kama haziko, mashini zisimame.

Tutafanya nini? Katiba yetu, kifungu cha 27, inasema kila Mukongomani anaweza kupeleka ombi kwa wakubwa, peke yake ao pamoja na wengine, nao wanapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Inasema tena hakuna mtu atashitakiwa kwa kuwa alipeleka ombi. Karatasi ya kutia sahihi iko kwenye meza. Hakuna mwenye atalazimishwa. Kesho kutwa tutaipeleka, tutaomba muhuri kwenye kopi yetu, na tangu siku hiyo tutahesabu.

Hatutawadanganya: katika inchi hii sheria ya kitabu na polisi ya barabara hawaongei kila siku luga moja. Wenzetu wamelala ndani ya kasho kwa maswali madogo kuliko haya. Ndiyo maana tunaenda wengi, tunaenda mchana, mikono mitupu. Hakuna kutupa jiwe. Hakuna kugusa mabati. Hakuna kutukana wale wafundi, ni ndugu zetu wanatafutia watoto chakula.

Neno la mwisho. Tarehe 20 Desemba tutapiga kura, na kwa mara ya kwanza chini ya Katiba hii tutachagua washauri wa komine. Meya hatukumchagua sisi, aliteuliwa, lakini hawa watatoka kwenye mikono yetu. Mgombea akikuja kwako na fulana na chumvi, muulize swali moja: karatasi za mtelemko ule, utaziomba hazarani, ndiyo ao hapana? Akikuzungusha, umeshapata jibu.

Na wewe mwenye unakaa Bagira ao Ibanda, usiseme ni mambo ya Kadutu. Ukiona mawe ya mpaka kwenye kiwanja cha watoto, piga picha, andika siku, uliza kwa barua. Leo ni mtelemko wetu, kesho ni kiwanja chenu.

Muji ni wetu. Watuonyeshe karatasi.