Mti wa Manemane Huko Tarbaj



Leo nasema hasa nanyi mliopelekwa kazini Tarbaj, katika Wajir: walimu, wauguzi, askari na jamaa zenu. Najua wengi mnahesabu siku za uhamisho. Mnatazama nje, mnaona vichaka vya miiba visivyo na jani, mnasema, "Hapa hakuna kitu." Joto lipo, na hofu ya barabarani ipo pia, sizipuuzi. Lakini fungueni Mathayo, sura ya pili. Mamajusi walileta zawadi tatu. Moja ilichimbwa ardhini. Mbili zilitoka mitini, uvumba na manemane, na miti ya jamii hizo inaota katika nyika hiyo mnayoichoka.

Manemane, ambayo Wasomali huiita malmal, ni utomvu wa mti mfupi wenye miiba. Wakati wa kiangazi mti huo hauna majani, na mgeni hudhani umekufa. Gome likijeruhiwa utomvu hutoka, hukauka hewani, ukawa madonge ya rangi ya kahawia, machungu sana. Jamaa yake, hagar, wafugaji hutumia utomvu wake kufukuzia kupe wa mifugo. Basi hicho kichungu ndicho alichopewa Mtoto kule Bethlehemu; na Nikodemo alipokuja kuuzika mwili wa Bwana, alichukua manemane tena, pamoja na udi.

Kuna mtu aliyejua kutazama. Wengi humjua Joy Adamson kwa simba wake Elsa, lakini kabla ya simba alikuwa mchoraji wa mimea. Alifika Kenya mwaka 1937, na mumewe wa wakati ule, Peter Bally, mtaalamu wa mimea, alimhimiza achore maua. Picha zake zilitiwa katika kitabu cha bustani cha Jex-Blake, "Gardening in East Africa", na mwaka 1947 alipewa nishani ya dhahabu huko Uingereza. Alipoolewa na George Adamson mwaka 1944, mume huyo alikuwa bwana nyama wa mpaka wa kaskazini. Ua lililochumwa katika joto hunyauka upesi. Mchoraji hana budi kulitazama sasa hivi, kwa bidii, au alikose. Picha zake nyingi zimehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa, Nairobi.

Vitabu vile vya bustani viliwafaa zaidi wenye maji na udongo wa nyanda za juu. Elimu ya malmal, yaani utomvu upi ni dawa, upi ni wa mifugo, imo zaidi vichwani mwa wazee wafugaji. Mzee akizikwa, nayo huzikwa. Nao ni majirani zenu, Waislamu, ambao baadhi yenu mmekaa karibu nao miaka miwili bila kuingia nyumbani mwao hata siku moja. Hilo lanihuzunisha kuliko ukame.

Sulemani, kwa hekima aliyopewa na Mungu, alinena habari za miti, toka mwerezi hata hisopo. Hakuona ni jambo dogo.

Jumamosi hii mwendeeni mzee jirani. Mwamkieni kwa salamu yake, mketi, mnywe chai atakayowapa. Kisha mwulizeni jina la kichaka kilicho mlangoni penu. Watoto wachukue penseli, wachore jani kama lipo, na mwiba. Akilitaja jina, mwombeni alirudie pole pole, mliandike kama linavyosikika.