GESI TUNAITAKA, LAKINI SI MATANGI KATIKATI YA NYUMBA ZETU
Maelezo ya Kamati ya Tawi kwa wanachama wote



Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama, na vijana wa maskani,

Haya ni maelezo yaliyosomwa kwenye kikao cha tawi Jumapili baada ya sala ya Alasiri. Tunayatuma kama yalivyosomwa kwa sababu wengi wenu mlikuwa kazini au mazikoni, na kwa sababu tangu juzi zinazunguka sauti za kurikodiwa zikisema tawi letu linapinga gesi. Tawi halipingi gesi. Someni mpaka mwisho halafu muhukumu.

Jambo lenyewe mnalijua. Kuna mfanyabiashara anayetaka kuweka matangi ya gesi ya kupikia pamoja na kituo cha kujazia mitungi kwenye kiwanja kilichozungukwa na nyumba zetu, kimepakana na madrasa ukuta kwa ukuta. Wapimaji wameshakuja mara mbili. Hakuna kikao cha shehia kilichoitishwa, hakuna tangazo lililobandikwa. Jina la kampuni hatulitaji humu, kwani ujumbe huu utasambaa na hatutaki mtu aende kumpigia kelele mlinzi wa watu ambaye hana alijualo.

Tuanze na hilo la gesi. Nani kati yetu anataka kurudi kwenye seredani na moshi? Mama zetu wamepika kwa kuni na makaa mpaka macho yamewaharibika, na miti ya kisiwa hiki tunaijua ilivyobaki. Serikali ya Muungano imezindua mkakati wa nishati safi ya kupikia Mei 2024, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Lengo zuri. Tena tukumbushane: umeme tunaochajia simu hizi tunazosomea, sehemu yake inatokana na gesi asilia inayochomwa Dar es Salaam, kule Ubungo na Kinyerezi, ikaja kwetu kwa waya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Waliokuwepo Mei 2008 wanakumbuka mwezi mzima wa kiza, na wanakumbuka pia miezi mitatu kuanzia Disemba 2009. Kwa hivyo hakuna mtu mzima wa tawi hili anayesema nishati haina maana.

Lakini gesi ya Ubungo na gesi ya mtungi si kitu kimoja, na tofauti hii ndiyo roho ya pingamizi letu. Gesi asilia ya Songo Songo na Mtwara ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja hupanda juu. Gesi ya mitungi, ambayo huku kwetu huletwa kwa meli, ni propani na butani iliyogandamizwa ikawa maji. Hiyo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haiendi mbinguni. Inatambaa chini kama maji, inaingia mitaroni, kwenye mashimo ya vyoo, visimani, chini ya milango, na inakaa hapo ikingoja cheche. Lita moja ya maji yake hutoa takriban lita 250 za gesi, na ikichanganyika na hewa kwa kiasi cha asilimia 2 tu inatosha kuwaka. Harufu ile mnayoisikia si yake, inatiwa makusudi ili watu washtuke.

Sasa mnajua wenyewe ardhi yetu ilivyo. Huku Darajani na kuvuka Barabara ya Benjamin Mkapa, hii tuliyozoea kuiita Creek Road, palikuwa na mkono wa bahari. Pamefukiwa, lakini ardhi haijasahau. Masika ikija maji yanakimbilia wapi? Yanakimbilia kwetu, yanatuama mitaroni mpaka uvunguni mwa vitanda. Basi pale maji yanapotuama, gesi nzito nayo itatuama papo hapo. Mzee mmoja kikaoni aliuliza kama mpimaji alifika wakati wa masika au wa kaskazi. Watu walicheka, lakini swali lake ni la maana kuliko mengi tuliyoyasikia siku ile.

Kuna wanaosema tunatisha watu. Tuwape mfano wa jirani. Usiku wa Alhamisi, tarehe 1 Februari 2024, mtaa wa Embakasi, Nairobi, watu wengi wakiwa wameshalala, gari la gesi liliripuka kwenye kituo cha kujazia mitungi kilichokuwa katikati ya makaazi. Watu walikufa. Zaidi ya 270 walijeruhiwa. Nyumba, magari na bohari la nguo viliteketea. Asubuhi yake ndipo yalipojulikana mambo ya makaratasi. Mamlaka ya Nishati na Petroli ya Kenya ilikuwa imeyakataa maombi ya kujenga kituo pale mara tatu, Machi, Juni na Julai 2023, na miongoni mwa sababu ni kwamba mahali pale pana watu wengi mno. Wakati huohuo mamlaka yao ya mazingira ilikuwa imetoa leseni, na baada ya maafa ikakiri yenyewe kwamba leseni ile ilitolewa kinyume na utaratibu, ikawasimamisha kazi maofisa wanne.

Hebu tulitazame hilo vizuri. Ofisi moja imesema hapana mara tatu, ofisi ya pili imesema ndiyo, na malori yakaendelea kuingia na kutoka. Hawakukosa sheria wale. Sheria ilikuwepo, wataalamu walikuwepo, na jawabu sahihi lilishaandikwa. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama mlangoni na kuuliza, "Kibali chako kiko wapi, na kimetoka kwa nani?" Sisi tunataka kuliuliza swali hilo kabla saruji haijamwagwa.

Na kwetu hali ni nzito zaidi kwa jambo moja. Moto ukitokea upande wa Mji Mkongwe, gari la zimamoto halipiti vichochoroni. Nyumba zimeegemeana, dari zake ni za boriti na mbao za miaka mia na zaidi. Upande wa Ng'ambo njia zipo, lakini mnajua zinavyozibwa na magari na meza za biashara. Kikosi cha Zimamoto na Uokozi wana ujasiri, hatuwalaumu, ila ujasiri haupanui kichochoro. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Tunaambiwa tusibadilishe hata dirisha bila ya ruhusa. Vipi tangi la gesi lipate njia rahisi kuliko dirisha?

Kikaoni ilitajwa Mtwara. Kijana mmoja alisema tufanye kama Mtwara, mzee akajibu hapana, tusifanye kama Mtwara. Wote wawili wana jambo, na kamati imeona ilieleze kwa kirefu kidogo kwa sababu wengi wa vijana wetu walikuwa watoto wakati ule.

Watu wa Mtwara walipoambiwa gesi ya Mnazi Bay itapelekwa Dar es Salaam kwa bomba la zaidi ya kilomita 500, waliandamana Disemba 2012. Madai yao hayakuwa ya kipuuzi. Walisema mkoa wao umeachwa nyuma tangu enzi na enzi, na sasa neema imepatikana inapita mbele ya milango yao kwenda kwa wengine. Januari 2013 ghasia zikazuka Mtwara na Masasi, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akashuka mwenyewe kuzungumza nao. Hapo walipata masikio ya Serikali. Lakini tarehe 22 Mei 2013, bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa Dodoma ikathibitisha kwamba bomba linajengwa, mji uliwaka moto. Jeshi likaingia mitaani. Roho zilipotea, ofisi na nyumba zikachomwa. Na bomba? Lilijengwa, likazinduliwa Oktoba 2015.

Hatuwacheki watu wa Mtwara, na hatusemi walikosea kudai. Kosa la kwanza ni la waliopanga mambo kwanza na kuwaeleza wananchi baadaye. Lakini mwanachama aliyechoma ofisi ya umma aliwapa watu sababu ya kuacha kuzungumzia gesi na kuanza kuzungumzia vurugu. Mazungumzo yakahama. Sisi hatutaki mazungumzo yetu yahame. Siku yatakapoanza kuzungumziwa mawe na matairi, habari ya matangi karibu na madrasa itakuwa imekwisha.

Upo mfano mwengine wa pwani hii hii, wa Lamu. Ule haukuwa wa gesi, ulikuwa wa kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, kilichotakiwa kujengwa Kwasasi. Lamu ni mji wa urithi wa dunia kama wetu, na watu wake ni jamaa zetu kwa damu na kwa lugha. Walikusanya wavuvi, akina mama na masheikh, wakaisoma ile ripoti ya mazingira ukurasa kwa ukurasa, wakaenda mbele ya baraza la rufaa za mazingira la Kenya. Tarehe 26 Juni 2019 baraza likaifuta leseni, na sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ilichukua miaka. Inachosha. Lakini hakuna aliyezikwa kwa ajili ya kesi ile, na kiwanda hakikujengwa.

Kwetu Zanzibar tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Namba 3 ya 2015, na Mamlaka ya Mazingira, ZEMA, ipo kwa kazi hiyo. Mradi wa namna hii hauanzi bila ya tathmini ya athari za mazingira, na watu wa mahali wanatakiwa wasikilizwe. Ipo ZURA, wale wale wanaotutangazia bei ya mafuta kila mwezi, ambao ndio wadhibiti wa nishati. Na Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 18, inampa raia haki ya kupewa taarifa za mambo yanayogusa maisha yake. Hatuombi hisani.

Tuseme na la kwetu ndani ya chama, kwani hapa tuko wenyewe. Tumesikia kwamba baadhi ya wakubwa wamesema mradi huu una mkono wa juu, tawi likae kimya. Kama upo mkono, basi na ujitokeze uweke saini kwenye karatasi kwamba ukiripuka yeye ndiye mwenye dhamana. Tawi ni la watu wanaolala pale. Chama kikija kuomba kura kinakuja milango hii hii, hakiji kwenye matangi.

Kamati imeamua hivi. Barua ya pingamizi imeshaandikwa, kurasa mbili, bila ya matusi na bila ya siasa za uchaguzi. Inaomba mambo matatu tu: tuoneshwe ripoti ya mazingira kama ipo, shehia iitishiwe mkutano wa wazi na wataalamu wa ZEMA, ZURA na Zimamoto wawepo, na kazi yoyote kiwanjani isimame mpaka hapo. Barua itapelekwa kwa sheha kwanza, nakala kwa Mkuu wa Wilaya, mwakilishi wetu na ofisi zilizotajwa. Nakala moja inapigwa muhuri wa kupokelewa na inarudi kwetu. Bila ya muhuri hatukupeleka.

Barua hii si ya wanachama wetu peke yao. Jirani wa chama kingine naye ana watoto, na gesi haiulizi kadi. Mwambieni aje atie saini, na asiulizwe neno jengine. Kadhalika mwenye duka la mitungi pale njia panda asiguswe wala asisusiwe, mitungi yake michache yenye kibali si matangi tunayoyazungumzia, na sote tunanunua kwake.

Pia tunaomba msichukue picha za wapimaji na kuzitupa mitandaoni pamoja na majina yao. Wakija tena, mwiteni mjumbe wa kamati, waulizwe kwa adabu wametumwa na nani na kibali namba ngapi, yaandikwe na tarehe yake.

Karatasi za saini ziko kwa Katibu wa tawi kuanzia leo baada ya Magharibi, barazani kwake. Akina mama ambao hawawezi kutoka usiku, wajumbe wawili wa Umoja wa Wanawake watapita nyumba kwa nyumba Ijumaa na Jumamosi asubuhi. Uje na kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi ili namba iandikwe sawasawa, kwani saini isiyo na namba ni rahisi kuitilia shaka. Mwenye shamba au nyumba inayopakana na kiwanja alete na nakala ya hati yake. Karatasi zinafungwa Jumapili saa kumi za jioni, na Jumatatu saa tatu asubuhi ujumbe wa watu watano unakwenda kwa sheha. Wanaotaka kuwasindikiza wasizidi kumi, na wasivae sare.

Wabillahi tawfiq.

Kamati ya Tawi