Jongoo Bahari Kati ya Bara na Visiwani

Tumtazame jongoo bahari, mnyama ambaye huku kwetu hatumli, ila China ananunuliwa ghali. Pwani ya Bagamoyo, kwenye mchanga ulio kando ya matumbawe, kazi yake ni kumeza mchanga, kula mabaki yaliyomo na kuutoa ukiwa msafi. Tena huzaa kwa kumwaga mayai na mbegu majini. Wakibaki wachache, tena wametawanyika, mayai hayarutubishwi. Ndiyo maana Tanzania Bara ilipiga marufuku kuwavua.

Sasa, upande wa pili nao una hoja. Zanzibar wanavuliwa kihalali, bahari ni ileile, na mvuvi wa Bagamoyo anaona marufuku inamtajirisha jirani. Hapo ana haki, maana mzigo wa Bara huvushwa kimagendo kwenda Zanzibar. Lakini kuwaruhusu wavuvi wote kutamaliza wazazi waliosalia, na hata mashamba ya jongoo, ambayo wengi huyataja kama dawa, hutegemea wazazi haohao. Kwa maoni yangu kinachokosekana ni kanuni moja kwa pande zote mbili. Je, ikipatikana, mvuvi ataishi kwa kutegemea nini wakati jongoo wanaongezeka?