Ufa Katika Chuma



Leo twataka tufikiri pamoja habari ya ufa. Si ufa wa ukuta, bali ufa wa bloku ya injini katika gari la kale. Wengi wetu twalikumbuka gari la Peugeot 404. Lilianza kuundwa Ufaransa mwaka 1960, na huku kwetu lilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, tena 1966, 1967 na 1968. Ziko nyumba ambazo hata leo zalitunza gari kama hilo, kwa sababu baba au babu alilinunua kwa jasho lake.

Basi siku moja injini yachemka, na dereva kwa haraka amimina maji baridi ndani yake ingali moto. Chuma cha bloku hiyo kilimiminwa katika kalibu. Chaweza kubeba mzigo mzito, lakini hakikunjiki. Upande mmoja ukipoa na kunywea ghafula, chapasuka. Baadaye maji yapungua katika rejeta pasipo kuonekana yaendako, au oili yageuka rangi kama chai ya maziwa.

Hapo ndugu wa nyumba moja hugawanyika. Mmoja asema, "Tulitengeneze, ni gari la baba." Mwingine asema, "Tuliuze kwa chuma chakavu, karo ya watoto yangoja." Wote wawili wasema neno la haki.

Fundi mwema hajibu upesi. Kwanza huifungua injini yote na kuiosha. Kisha hutazama ufa uko wapi. Ukiwa katika ukuta wa nje wa njia ya maji, mara nyingi hutengenezeka; ukifika mahali panaposhika kranki, ni hatari. Tena hauamini macho yake tu. Huziba matundu, huingiza hewa kwa nguvu, na kuangalia panapovuja.

Kuchomelea kwataka bloku ipashwe moto yote, kisha ipoe polepole, la sivyo ufa mpya waweza kutokea kando ya ule wa kwanza. Iko na njia isiyotumia moto: fundi hutoboa tundu kila mwisho wa ufa ili usiendelee, halafu huushona kwa skrubu zinazopandana, moja ikila sehemu ya mwenzake. Ni kazi ya saa nyingi, na malipo yake si haba.

Tena iko njia ya tatu, nayo yatutia hofu: kupaka gundi, kupaka rangi juu yake, na kumwuzia jirani. Gundi yaweza kushika kwa kitambo. Lakini jirani huyo atakwama njiani usiku, watoto wake wakiwa garini.

Ndugu wapendwa, katika mfano wa mjenzi wa mnara, Bwana Yesu hakumlaumu mtu kwa kuwa fedha zake ni chache. Alionya juu ya kuanza bila kupiga hesabu. Kwa hiyo tukiwa na gari la namna hii, tuketi pamoja kama jamaa, tumsikilize fundi, tuhesabu. Ikiwa ufa uko mahali panapotengenezeka, na karo imelipwa, tutengeneze kwa furaha. Ikiwa sivyo, tutafute bloku nyingine ya aina ile ile, au tulifunike gari kwa turubai lingoje. Kulipumzisha gari si kumsahau baba. Yamkini yeye mwenyewe angalichagua karo. Na tukiamua kuuza, tumwonyeshe mnunuzi ufa kwa kidole kabla hajatoa fedha zake, hata bei ikishuka.

Bwana atupe moyo wa kukaa pamoja bila ugomvi, na ulimi usioficha ufa. Amina.